Vidole Vyetu Vyeupe

Mwanangu Mwanahawa,

Assalaam alaykum. Najua ni kichekesho kumwandikia salamu mtu ambaye nikipaza sauti kidogo ataitika. Uko hapo ng'ambo ya bonde kwa bibi yako unaaga, na jua likianza kushuka utarudi, tutakula pamoja, nitakuuliza kama bibi amekupa baraka, na wewe utasema amekupa baraka na mahindi. Haya ninayoyaandika hapa hatutayazungumza. Mimi najijua. Jana uliponiuliza lile swali lako nilisema ndama amekata kamba, nikatoka mbio. Ndama hakuwa amekata kamba. Nilisimama zizini namtazama naye ananitazama, mpaka nikasikia mama yako anakuita jikoni, ndipo nikarudi.

Uliniuliza hivi: "Tate, ingekuwa ni wewe tena, na unajua unayoyajua leo, ungewakubalia wakupasue?"

Habari za sabuni, nauli, kanga za kubadilisha na watu wa kutozungumza nao kwenye treni nimemwachia mama yako. Ameshakuambia mara nyingi kiasi kwamba hata kuku wa hapa wanaweza kwenda Tanga bila kupotea. Mimi ninalo jambo moja tu, nalo ni swali lako. Nimekaa nyuma ya nyumba juu ya kreti la kabichi, nimeegemeza karatasi kwenye ubao, na mkono wa kuandikia ni ule ule wa kulia, ambao kwa ajili yake nilipasuliwa. Barua nitaitia kwenye sanduku chini ya nguo. Utaisoma ukishateremka Mombo, mahali ambapo siwezi tena kusingizia ndama.

Ngoja nianze na jinsi nilivyokubali, kwa sababu hilo hujawahi kulisikia sawasawa. Watoto wote wa hapa wanajua kwamba baba yenu alipasuliwa vitani, na nyie mkafikiri ni risasi. Sikuwasahihisha. Risasi inampa mtu heshima. Ukweli ni kwamba sikuwahi kuona adui hata mmoja. Kazi yangu jeshini ilikuwa kufunga na kufungua magurudumu ya malori, huko kwenye milima ya Uhabeshi, ambako asubuhi chuma kinashika ngozi. Ukikamata spana alfajiri unasikia ganzi, halafu husikii kitu. Wenzangu walipiga mikono mapajani wakapata moto. Mimi nilipiga mpaka mapaja yakauma, na vidole vikabaki vyeupe, vimekufa, kama vya mtu mwingine. Damu iliporudi ilirudi na moto wake, nikawa natembea huku na huku nauma kola ya koti nisilie mbele ya watu. Siku moja nati ikanitoka mkononi bila mimi kujua, gurudumu likachomoka njiani. Hakufa mtu. Lakini sajenti alinipeleka kwa daktari akidhani nimefanya makusudi.

Daktari akanipeleka Nairobi, kwa daktari mwingine, kijana mwenye nywele nyekundu ambaye alifurahi kuniona kama mtu aliyepata barua kutoka kwao. Alivitia vidole vyangu kwenye beseni la barafu akavitazama vikifa. Akaita wenzake nao wakatazama. Halafu akazungumza kwa muda mrefu na karani akatafsiri kwa ufupi sana, kwamba kuna mishipa ya fahamu inayopita karibu na uti wa mgongo, ndiyo inayoviamuru vidole vifunge damu baridi ikija, na kwamba mishipa hiyo kwangu mimi ina ukali usio na sababu. Wakiikata, vidole vitabaki wazi. Je, nakubali?

Nikasema ndiyo bwana. Mwanangu, jeshini nilikuwa nimesema ndiyo bwana tangu siku ya kwanza, kwa kila swali, hata kwa maswali ambayo hayakuwa na ndiyo wala hapana. Sikumwuliza nitapoteza nini. Sikujua kwamba mtu anaweza kuuliza. Wakanilaza kifudifudi, wakapita mgongoni upande wa kulia, wakatoa kipande kidogo cha ubavu ili wapate njia, wakakata walichokata. Upande wa kushoto walisema tutaufanya nikipona. Lakini kabla sijapona yule kijana alihamishwa, na aliyekuja badala yake alikuwa na majeruhi wa kweli. Ndiyo sababu mimi nimebaki na mkono mmoja wa daktari na mmoja wa Mungu, na ndiyo sababu nadhani nina haki ya kuzungumza juu ya jambo hili kuliko wewe, kuliko mama yako, na hata kuliko huyo daktari wako wa Tanga anayetaka kukupasua, ambaye mikono yake yote miwili ni mizima.

Nitakuambia kwanza mazuri, maana yapo, na nisiwe mwongo.

Nilipozinduka mkono wa kulia ulikuwa na moto. Si moto wa homa, ni joto tu, joto la mkono wa mtu aliyekaa jikoni. Niliushika kwa ule wa kushoto nikalia kama mjinga. Nilikuwa sijui kwamba watu wengine wanaishi hivyo kila siku. Niliporudi huku Lushoto ilikuwa mwezi wa saba, umande umelala hadi mchana, na wewe ulikuwa ndiyo kwanza unatambaa, hunijui, unamkimbilia mama yako. Nilikugusa shavu kwa mkono wa kulia, ukatulia. Kwa wa kushoto ungepiga kelele. Basi kama ni kushukuru, namshukuru yule kijana wa nywele nyekundu kwa hilo shavu.

Sasa mengine. Jicho langu la kulia, hili ambalo mama yako analiita jicho la usingizi, halikuzaliwa hivi. Kope ililegea siku ile ile ya kupasuliwa na haikupanda tena. Mama yako anasema nilipoondoka alikuwa ameolewa na mtu mwenye macho mawili, jeshi likamrudishia na moja na nusu. Tumecheka sana kwa hilo. Lakini wewe ni binti, hujaolewa bado, na wanataka kukupasua pande zote mbili. Daktari amekuambia habari ya macho? Kama hakukuambia, mwulize. Wapo ambao macho hayawalegei. Mimi sikuwa miongoni mwao.

Tena mkono wa kulia hautoi jasho. Hata nusu ya uso wangu haitoi. Umewahi kuniona natema mate kwenye kiganja kabla ya kushika jembe, ukadhani ni tabia ya uzee. Mpini unaniteleza, mwanangu, kiganja ni kikavu kama karatasi hii. Na jasho lile halikupotea, lilihamia mgongoni, ndiyo maana mashati yangu yanaoza nyuma kabla hayajachakaa mbele. Wewe utakuwa mkunga. Sijui kama mkunga anahitaji jasho la kiganja. Hayo ni ya kuuliza.

Haya bado ni mambo madogo. Kama yangekuwa ndiyo yote, jana ningekujibu na ndama angebaki na amani yake.

Niliporudi kutoka vitani nilipatwa na majivuno. Wewe unajua hapa kwetu mtu anavyotawadha Alfajiri mwezi wa saba. Maji ya mfereji yanakata kama wembe, na wazee wanasema anayekamilisha udhu wakati maji yanauma ndiye mwenye fungu kubwa. Kabla ya vita mimi nilikuwa natawadha kwa maji ya kupashwa kwa siri, na watu wakijua wanacheka. Sasa nilikwenda mferejini mbele ya kila mtu, nikakunja mikono ya kanzu, nikatawadha polepole kabisa. Ule wa kushoto ulikufa kama kawaida, nikauficha. Ule wa kulia niliuonyesha. Maalim mwenyewe aliniambia taratibu kwamba maji ya moto ni maji, na Mungu hakutuumba ili tushindane naye. Nilimwitikia vizuri, kesho yake nikarudi mferejini.

Na wewe ulikuwa unanitazama. Ulipoanza kusali ulikataa maji aliyokupashia mama yako, ukasema utatawadha anapotawadha Tate. Nilifurahi jamani. Nilitembea mbele yako kwenye kile kinjia nikijiona nimezaa. Ikapita baridi moja, ikapita ya pili. Ukawa unaangusha vyombo asubuhi, nami nikakuita mvivu, mzito wa mkono. Ulivunja lile bakuli la maua alilopewa mama yako kwenye harusi yake, na siku hiyo nilisema maneno ambayo sitayaandika. Ulikuwa umeficha mikono ndani ya kanga.

Niliona kwa bahati tu, nilipogeuka nyuma msikitini. Ulikuwa umesimama nyuma ya akina mama, mwanga ndiyo unaingia, ukainua mikono kuomba dua. Vidole vitatu vya mkono mmoja na viwili vya mwingine vilikuwa vyeupe kama mhogo uliomenywa, na mstari umekatika pale pale kwenye kiungo, kama wangu. Sikuimaliza dua. Nilirudi nyumbani nikamwambia mama yako, naye hakushtuka, maana yeye alishajua muda mrefu, ulimwapisha asiniambie. Akasema tu, "Mikono ni yako hiyo. Umemrithisha." Kisha akasema mficha maradhi kifo humuumbua, na kwamba katika nyumba hii waficha maradhi ni wawili na wote wana ukaidi wa aina moja.

Tangu siku hiyo ndiyo nikawa naamka kabla yako kukoka moto. Wale jamaa wa msikitini walinitania, wakasema askari amestaafu. Nikacheka nao, maana walikuwa wanasema kweli. Nilijaribu kila kitu, na wewe unakumbuka, nisikuchoshe. Mafuta ya kondoo. Tangawizi. Yule mganga wa kule juu aliyesema umegusa maiti, nikampa jogoo wangu mwekundu ili umguse na yeye. Zile glavu za sufu ambazo mke wa mkulima wa Kizungu wa Kwai alikufumia, na ambazo ulizivaa hadi zikabaki uzi. Vilisaidia kidogo, au havikusaidia, au baridi yenyewe ilipungua. Mzazi akihangaika hawezi kupima.

Sasa nakuja kwenye kitu ambacho hujui, na ndicho kilichonitoa nje jana.

Ulinikumbusha mwaka jana, kwa utani, kwamba siku moja ulipokuwa mtoto nilikuja kutoka safari nikakufokea kwa sababu ya maharage. Ulikuwa umekaa mlangoni unayachambua, hujafanya kosa lolote, nikafika juujuu nikasema unachambua vibaya, unachanganya mabovu na mazima, halafu nikaingia ndani. Ulisema uliyarudia yote unatafuta bovu moja na hukuliona. Nilicheka na wewe, lakini moyoni haikuwa kicheko.

Siku hiyo nilikuwa nimeshuka Mazinde kuuza kabichi na matunda damu kwa watu wa mkonge. Unajua Mazinde ilivyo, adhuhuri mbuzi wanagombea kivuli cha nguzo. Jasho linanitoka mgongoni kama nimemwagiwa maji. Hakuna mahali palipo mbali na baridi kuliko pale. Akaja utingo wa lori la kutoka huku juu, ananijua, akanivuta pembeni. Akasema, "Mzee, pole. Mto umemchukua binti yako asubuhi hii, pale darajani."

Nilikuwa nimeshika kikombe cha chai ya moto, kwa mkono wa kulia, mkono wa daktari. Nikakiona kikombe kiko chini kimevunjika. Nikatazama mkono. Vidole vyote vimekuwa vyeupe, na dole gumba, na weupe umepanda hadi kiganjani, mahali ambapo haukuwahi kufika hata Uhabeshi. Wa kushoto ulipauka ncha tu. Nilisimama juani, joto la Mazinde lote liko juu yangu, na mkono uliopasuliwa usisikie baridi tena ulikuwa umekufa kabisa, kuliko ule ambao haukuguswa.

Lori likanipandisha. Njia nzima nilikuwa nimeuweka ule mkono kwenye bomba la injini, sisikii, hadi dereva akaniambia nitaungua, na kweli niliungua, lile kovu kwenye kidole cha kati ndilo hilo. Tulipofika Soni bado ulikuwa mweupe. Lilipofika huku kwetu nikashuka, nikakimbia, nikakata kona ya mwisho, nikakuona mlangoni na maharage yako.

Alikuwa ni mtoto wa jirani, Mwanangu. Yule rafiki yako aliyeshonewa gauni la kitambaa kimoja na lako sikukuu ile. Utingo aliona gauni. Sasa unajua kwa nini nilifoka. Nilikuwa na mambo mengi ya kusema kwa wakati mmoja na lililotoka ni maharage. Niliingia ndani damu ikawa inarudi mkononi, inachoma, nami nikaukumbatia nikawa nacheka peke yangu kwa furaha, na huko kwa jirani kilio kimeanza. Jioni nilibeba jeneza pamoja na wengine. Baba yake alinishika akalia begani kwangu, na mimi ndani yangu nilikuwa nasema alhamdulillahi, si wangu. Hilo nimelibeba hadi leo na sijampata wa kumwambia. Nadhani nimekuambia wewe.

Wiki zilizofuata nilikwenda hospitali ya hapa mjini kwa daktari wa Kihindi, yule mzee mpole aliyekuwa akinunua koliflawa kwetu. Nilitaka kujua kama nilidanganywa Nairobi. Akanikalisha, akautazama mgongo wangu, akasema kazi ilifanywa vizuri. Nikamwuliza basi kwa nini. Akanieleza, na nitakueleza kama nilivyoelewa, maana yeye alikuwa na subira kuliko karani wa jeshini.

Alisema mishipa ile iliyokatwa ndiyo iliyokuwa ikibeba amri ya baridi. Lakini hofu ina njia yake nyingine. Juu ya kila figo kuna kijinyama kidogo, na mtu akishtuka, kijinyama hicho kinamwaga kitu ndani ya damu. Alikitaja kwa Kizungu, adrenalini, nikamwomba arudie. Kinazunguka mwili mzima. Kinaupiga moyo, kinakausha kinywa, kinafunga damu ya vidole. Hakipiti kwenye mishipa ya fahamu, kwa hiyo hakuna cha kukata. Na kuna baya zaidi. Akasema, "Vidole vilivyozoea kuamrishwa, ukivinyima amri siku nyingi, vinakuwa na kiu nayo. Siku vikisikia kidogo tu, vinatii kupita kiasi." Kwa hiyo ule mkono wangu wa kulia ulikuwa umeponywa baridi ukapewa hofu.

Nikamwuliza kama hivyo vijinyama haviwezi kutolewa. Akacheka kidogo, akasema mtu wa namna hiyo hata chui akiingia zizini ataendelea kunywa chai. Halafu akaacha kucheka akaniuliza mtoto hajambo. Nikasema hajambo. Akasema basi shukuru.

Hayo nilikaa nayo. Nilijiambia ni yangu, hayakuhusu, wewe tatizo lako ni baridi na dawa yako ni kuhama huku juu. Uliposema unataka kwenda kujifunza ukunga Tanga nilikuwa wa kwanza kukubali, baba zako wadogo wakanuna, nikawaambia waache wanune. Nilifikiri Tanga ina joto, vidole vyako vitapona vyenyewe, nitakuwa nimekupa kitu.

Halafu ukaenda kule kwenye usaili mwezi wa pili, wakati watu wa Tanga wanalala nje kwa joto, ukarudi ukatusimulia huku unacheka. Kwamba yule bibi mkubwa wa shule alikuambia umpapase tumbo mama mjamzito useme kichwa cha mtoto kiko wapi, na wasichana wengine wamekuzunguka, ukaweka mikono ukaona vidole vinakuwa vyeupe, na hukusikia kichwa wala miguu. Ukakisia. Ukakisia sawa, lakini yeye alikuona, akamwita daktari, na daktari akasema anaweza kulimaliza jambo hilo kwa kupasua. Akasema ukipasuliwa nafasi yako ipo, usipopasuliwa watatazama kwanza. Mama yako alishukuru Mungu kwa sauti. Mimi nilikuwa nashikilia sahani na nikaendelea kuishikilia.

Umeelewa sasa? Kilichokushika Tanga hakikuwa baridi.

Mkunga ni mtu wa kuitwa wakati mambo yameharibika. Mtoto amekaa vibaya, mama anapoteza damu, watu wanalia mlangoni, na wewe ndiye unayetazamwa. Kama vidole vyako vitakuwa kama wangu wa kulia, basi vitakuwa na joto siku zote za amani, na saa ile moja ya shida vitakufa kabisa. Naogopa hilo. Naliogopa hata kuliandika. Lakini usipopasuliwa huenda wasikupe nafasi, na ukipewa, vidole vitakufa hivyo hivyo kwa hofu, pengine kidogo tu, kama wangu wa kushoto, na baridi utakuwa nayo mpaka uzeeni.

Na mimi sijui. Nilimwandikia salamu yule mzee wa Kihindi, nikaambiwa amesharudi kwao. Huyu daktari mpya wa hapa, nilipomwuliza juzi, alisema siku hizi hawaondoi mafundo ya mishipa kama zamani, wanakata juu kidogo, mafundo yanabaki, na vidole havipati kiu ile. Labda ni kweli. Labda ndivyo walivyomwambia na yule wa nywele nyekundu kuhusu njia yake. Akasema pia mtu huizoea hofu, kwamba mkunga wa miaka mingi hashtuki. Hilo nalo labda ni kweli. Utingo akija leo na habari ile ile, mimi nitakuwa nimezoea? Sidhani.

Ukiniuliza asubuhi ya mwezi wa saba, nimeshika umande na kabichi, nitakuambia nenda, wakupasue, usichelewe. Ukiniuliza nikiwa Mazinde nitakuambia kimbia. Nimejaribu kuyaweka pamoja yawe neno moja la kukupa na hayakai. Baba gani huyo, anaulizwa jambo moja ambalo yeye peke yake katika milima hii amelipitia, na hana jibu. Ninachoweza ni kukupa yote kama yalivyo, ili usije ukasema ndiyo bwana kama mimi. Mwulize daktari habari za macho, za jasho, za hofu. Mwulize mbele ya yule bibi mkubwa. Akikasirika, akasirike. Ukishauliza ukasema ndiyo, mimi niko nyuma yako, na ukisema hapana ukarudi hapa na sanduku lako, moto wa Alfajiri nitaukoka mimi na hakuna atakayekutania nikiwa hai.

Kesho mama yako ndiye atakayekusindikiza hadi Mombo. Nimetangaza kwamba nabaki kwa sababu ya mnunuzi wa koliflawa. Utajua sasa kwamba sitaki uuone mkono wangu wa kulia treni ikianza kuondoka, ukaenda kupasuliwa na picha hiyo kichwani.

Bado kitu kimoja, na ni bora kikutoke kwangu kuliko kwa mtu mwingine. Siku moja utaletewa habari kutoka huku. Mimi ni mkubwa, mgongo wangu una tundu, ndivyo ilivyopangwa. Itakuja kwa simu au kwa mtu atakayekuvuta pembeni na kusema pole. Utakuwa Tanga, jua linawaka, na vidole vyako vitakuwa vyeupe mpaka viganjani, uwe ulipasuliwa au hukupasuliwa. Usimlaumu daktari, na usijilaumu wewe kwa ulilochagua. Hakuna aliyekosea. Kaa chini, weka kando chochote ulichoshika, na umwombe aliye karibu akushike mikono mpaka damu irudi, maana itarudi, na itauma. Ningependa awe mimi. Lakini kati ya siku zote, hiyo ndiyo siku ambayo sitaweza kuja.

Baba yako